Kipokezi Kimekufa Tena

12 Februari

Kwako mke mwenzangu uliyekimbilia mawinguni,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja umekatwa na bati. Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi, likipata joto linanyamaza. Mjomba wako amenunua viatu vinavyolia kila akitembea, kwa hiyo sasa tunajua alipo saa zote, jambo ambalo mkewe amelitamani miaka mingi. Anayeniandikia ni mshonaji wa mlango wa pili, kama siku zote. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Anasema yeye hapambi. Andika na hilo.

Bahasha yako ya vidude vya kipokezi cha redio imefika. Nimevimwaga vidude vyote kwenye sinia na kuvipanga: vyenye miguu miwili kumi na moja, vyenye miguu mitatu viwili, na kile kijiti cheusi ulichokifunga kwenye pamba kama yai. Mchoro umenifurahisha. Umekichora kila kitu kwa ukubwa wake, ili mtu ambaye hakuonja shule akilaze juu ya picha yake na kuona kimelingana. Hapo umetumia akili. Nimeubandika kwenye ubao. Penye doa jeusi napiga msumari, na kila mguu unaunganishwa kwenye msumari wake kwa lehemu. Kulehemu usinifundishe. Nimeziba ndoo, karai na mifereji ya mapaa kando ya babu yako tangu mama yako hajazaliwa.

Sasa la moyoni. Mwaka na nusu sijasikia sauti yako. Huko juu simu haishiki, sawa, nimeelewa, usirudie kunieleza. Lakini barua zako zote zinasema mzima, na mimi barua siziamini. Barua hunawa uso kwanza ndipo inakuja kwangu. Babu yako naye aliagiza niambiwe kuwa yu mzima, siku nne kabla hatujamzika. Nataka kukusikia kwa masikio yangu ukisema. Nikikusikia nitajua.

Bibi yako


3 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na mkono. Mwambie mjomba viatu vile apake mafuta chini ya soli, au asipake kama shangazi hataki. Msalimie mshonaji, na asante kwa kumsomea Bibi yangu.

Hapa kituoni mlimani tumo wawili kama kawaida, mimi na mwenzangu wa zamu. Tunapima mvua, upepo na joto kila saa tatu, tunaandika, tunagombania nani apike. Anaimbia kipimo cha mvua ili kijae. Nimezoea.

Kipokezi chako kitakuwa hivi. Ile koili uizungushe kwenye kichupa cha dawa, mizunguko ishirini na minne, ibanane isipandane. Waya wa antena utoe kwenye mota iliyoungua, ile iliyo chini ya benchi ya babu. Hatua kumi na tano kutoka paani hadi nguzo ya kuanikia nguo. Usiufunge moja kwa moja kwenye bati wala kwenye nguzo, tia shingo ya chupa ya plastiki kila mwisho ili umeme mdogo usikimbie. Waya mwingine uende ardhini kwenye kipande cha bomba. Ukimaliza, kitie kwenye kopo la maziwa ya unga ili kisisumbuliwe. Betri nne za tochi zinatosha. Na tumia lehemu niliyokutumia, ile nyembamba niliyoizungushia penseli.

Kila Jumapili saa kumi alasiri sisi watu wa redio ya ridhaa tunakutana hewani, kila mtu na mtambo aliojiundia. Wangu uko kwenye kopo la biskuti. Fundi Saa wa mtaani kwenu huwa yupo, ukikwama mpelekee. Kusema kunahitaji leseni, lakini kusikiliza ni kwa wote. Nitakusalimu.

Mimi mzima.

Mjukuu wako


29 Machi

Kwa mpima mvua,

Tunaendelea. Paa la kiwanda changu limeacha kuvuja kule lilikovuja na limeanza kwingine. Mshonaji ana oda ya sare za shule hadi shingoni, ndiyo maana mwandiko wake umelala.

Mashine yako nimeimaliza Jumatano. Nikavaa visikizio, nikazungusha kitufe. Kwanza ikapiga mluzi kama birika. Kisha nikasikia mwanamume anahesabu moja hadi kumi, anarudia, kama kuna mtu amemwibia namba moja. Nilikaa na lile jitu hadi chakula kikaungua. Nilimwita mshonaji naye akasikia, shahidi huyu hapa anaandika.

Jumapili, saa tisa na nusu nimeshakaa. Saa kumi kasoro mvua ikashuka juu ya bati langu, hata ungenipigia ngoma sikioni nisingesikia. Nikasema haya, Jumapili ijayo. Jumapili ijayo mvua hakuna, jua safi, nimejifunga kitambaa kichwani ili visikizio visiteleze. Nikawasha. Kimya. Si mluzi, si yule wa kuhesabu. Nimebadilisha betri. Nimepiga kopo kofi. Kimya kama kaburi la mtu asiye na ndugu.

Siku kumi tu kimeishi. Viungo vyangu vyote vya lehemu vimeng'aa kama fedha, ukivuta having'oki, kwa hiyo kosa si la mkono wangu. Na lehemu yako nimeitumia. Niambie kinachokiua.

Kuhusu Fundi Saa, usinitajie tena. Babu yako alipokufa na mimi nikachukua nyundo yake, huyo ndiye aliyesimama bombani mbele ya ndoo za watu akasema sitamaliza mwezi. Nimemaliza miaka kumi na moja. Salamu yangu hapati.

Bibi yako


20 Aprili

Shikamoo Bibi,

Pole kwa paa. Natumaini goti limetulia.

Kama kilisema mwanzoni, basi umekiunda vizuri. Tazama kama waya wa antena umekatika ndani ya ngozi yake. Tazama waya wa ardhini. Tazama kama zile kapasita, vile vidude viwili vya bluu, hazikugeuzwa. Nimekutumia vidude vingine, tengeneza upya pale palipo na doa la rangi ya kucha kwenye mchoro huu mpya.

Jumapili nilikusalimu. Pole kwamba hukusikia.

Baridi imeanza. Kazi inaendelea.

Mjukuu wako


21 Mei

Wewe mtoto,

Salamu nimezipokea, zilikuwa nyembamba. Mjomba wako amelala kitandani siku tatu kwa mgongo, na nyumba imekuwa kimya kwa kukosa viatu. Mshonaji amemaliza sare, amebakiwa na vidole vinane vinavyofanya kazi.

Antena haikukatika. Ardhi ipo, nimeimwagia na maji. Kapasita hazikugeuzwa, nimezilaza juu ya picha mara tatu mshonaji akisimamia. Nimeng'oa nusu ya vidude, nimeweka vyako vipya. Kikafufuka. Yule wa kuhesabu akarudi, safari hii na mwenzake, wakaulizana hali ya hewa kama wachumba. Siku ya tisa kimekufa tena. Nimekiunda mara ya tatu, nikakesha nacho kama mgonjwa, siku ya kumi na moja kimekufa. Kinaniishia mikononi kila mara kabla sijakupata. Jumapili mbili nimekipata kikiwa hai na wewe hukuwepo. Nimewasikia wenzako wanaitana, kila mtu anajitaja. Labda uliongea nilipokwenda kuzima jiko. Niliondoka kidogo sana, lakini labda.

Nimekasirika, nakwambia wazi. Si kwa ajili ya mashine. Nimeshinda mabati makaidi kuliko hilo kopo. Nimekasirika kwa sababu kila Jumapili naoga, natulia, nakaa kama bibi harusi, halafu naletewa kimya.

Na jambo lingine. Barua zako zote mwenzako wa zamu alikuwemo, mara kaimba, mara kaunguza uji. Barua ya mwisho hayumo. Mmegombana?

Bibi yako


14 Juni

Shikamoo Bibi,

Samahani, gari la mahitaji la mwezi uliopita lilipita kabla sijaandika. Mpe mjomba pole ya mgongo.

Bibi, kiache tu. Vidude hivi ni vya bei ya chini, vingine nimevichomoa kwenye redio mbovu. Labda havifai. Usijichoshe na Jumapili.

Mkataba wangu unaisha Agosti thelathini na moja. Ofisi imeleta fomu, wananiomba nisaini miaka miwili mingine. Huenda nikasaini. Kazi si mbaya.

Mwenzangu hajambo.

Mzima, mjukuu wako


2 Julai

Kwa mwenye fomu,

Leo salamu fupi, sote hatujambo, tusonge.

Barua yako mshonaji kanisomea mara mbili. Alipofika "kiache tu" nikamwambia rudia. Wewe hujawahi kuacha kitu. Ulipokuwa na miaka tisa ulilia siku nzima kwa kuwa saa ya ukutani haikukuonyesha inachofanya ndani. Nikavaa kanga safi, nikachukua kopo kwapani, nikaenda kwa Fundi Saa.

Alikuwa ameinama na lile jicho lake la kioo la kukuzia vitu. Akaniona, jicho likaanguka mezani.

Nikasema, "Sikuja kuamkiana."

Akasema, "Keti basi bila kuamkiana."

Akafungua kopo. Hakupima, hakugusa kitu. Alisogeza pua tu, akanusa, akaniangalia kama nimempikia sabuni.

"Mama, umelehemu kwa nini?"

"Kwa mikono."

"Umepaka nini kwanza?"

Hapo nikageukia birika lake lililokuwa linavuja. Kwa sababu, mke mwenzangu, nilikudanganya. Lehemu yako ya penseli nilijaribu ikanishinda. Inateleza juu ya msumari, inajikunja kidonge, inadondoka. Nikaona haya kukuandikia kwamba mimi, wa kuziba ndoo za mtaa mzima, nimeshindwa na uzi. Nikapaka tindikali ya mabati, kama ninavyofanya siku zote. Chuma kikakubali papo hapo. Ndivyo tulivyofundishwa, mimi na babu yako. Bati usilolipaka tindikali halishiki.

Fundi Saa akanionyesha kwa lile jicho lake. Chini ya kila kiungo kinachong'aa pana ukungu wa kijani, na waya wako mwembamba umeliwa hadi umekuwa kama uzi wa buibui. Ndoo ukiisuuza tindikali inaondoka. Hiki hakisuuzwi. Kinajila chenyewe taratibu, kama siku kumi hivi. Akasema ile lehemu yako ina utomvu tumboni, ndiyo dawa yake, lakini utomvu hauwezi msumari wa chuma. "Yeye angekwambia utumie pini za shaba, za kwenye ubao wa matangazo. Alisahau kwamba wewe una misumari." Kwa hiyo kosa langu nusu na lako nusu. Langu kubwa kidogo kwa kuwa lina uongo ndani.

Akanipa pini. Nikamwambia sitaki vya bure, nikamzibia birika lake pale pale. Akakubali kwamba nimezidisha mwezi. Alisema akitazama birika, lakini alisema.

Kipokezi kipya kina siku kumi na mbili leo. Kinasikia hadi mtu anayekohoa.

Sasa sikiliza wewe. Nilipokuwa natoka nikamuuliza, "Mjukuu wangu Jumapili hizi anasema nini?" Akafuta mikono muda mrefu. Akasema, "Mama, sijamsikia hewani tangu Aprili mwanzoni."

Barua yako ya tarehe ishirini Aprili inasema ulinisalimu Jumapili.

Nimekwambia uongo wangu. Niambie wako.

Bibi yako


30 Julai

Shikamoo Bibi,

Mwambie mshonaji afunge mlango kabla ya kusoma, kisha asome polepole. Dada, nakuomba.

Mwenzangu alihamishwa Machi mwishoni. Walisema mwingine anapanda na gari lijalo. Yamepanda magari manne. Nafanya zamu zote peke yangu, kila saa tatu, usiku na mchana. Nikilala nalala na saa ya kengele kifuani.

Jumapili ya kwanza ya Aprili niliwasha mtambo ili nikusalimu. Wenzangu walikuwa wameshajitaja. Ikafika zamu yangu, nikabonyeza, nikafungua mdomo nikalia. Sijui niseme vipi. Sikulia kidogo. Na kidole kilikuwa bado kwenye kitufe. Watu kumi na wanne walinisikia. Nilipoachia, mmoja akasema, "Kituo cha mlimani, sijakupata vizuri, rudia." Nikazima. Sijawasha hadi leo.

Nilifikiri na wewe umesikia. Barua yako ilipofika na kusema kipokezi kimekufa, Bibi, nilishukuru. Nikaona afadhali kife. Nikakutumia vidude na maelezo, nikijua hata ukifaulu hakuna cha kusikia. Ulipoandika kwamba unaoga na kukaa, niliificha ile barua chini ya godoro. Tindikali nisingeijua, hilo ni kweli, lakini pia sikuuliza. Ningeuliza swali moja tu ningejua. Sikutaka kujua.

Fomu iko mezani. Ukisaini hakuna anayekuuliza kitu. Ukikataa wanataka sababu, na mimi sijui kuandika sababu. Gari la tarehe ishirini na tano Agosti litachukua fomu, au litanichukua mimi.

Jumapili ya tarehe kumi na tano Agosti nitawasha. Nitajaribu. Usinitarajie sana.

Mjukuu wako


16 Agosti

Mjukuu wangu,

Mlango ulifungwa. Mshonaji alisoma polepole, akalia yeye kwanza, mimi nikamfuata. Tukaosha nyuso, tukanywa chai. Siku ile hatukushona wala hatukugonga bati.

Jana saa tisa nilikuwa nimekaa. Mjomba wako nilimfukuza na viatu vyake. Fundi Saa alikuja asubuhi kukaza antena, kisha akarudi kwake kwenye mtambo wake, maana leseni ni yake na mdomo ni wake. Nilimwagiza akuambie neno moja tu: nasikiliza.

Nimekusikia.

Ulipojitaja nilivishika visikizio kwa mikono yote miwili. Ukasema uko mzima. Ukasema chakula kipo, baridi imepungua, kipimo cha upepo kimetengenezwa. Ulisema vizuri, bila kukosea, kama mtoto anayeitikia jina darasani. Kabla ya neno mzima ulimeza mate. Baada yake ulivuta pumzi kupitia mdomoni. Nimekulea mimi, mgongoni mwangu umekohoa miaka minne, hizo pumzi nazijua moja moja. Si mzima wewe. Nilikwambia nikikusikia nitajua, na sasa najua.

Kisha Fundi Saa akakuambia Bibi anasikiliza. Kikaja kimya kirefu hadi mshonaji akagusa betri. Ndipo ukauliza, sauti imeshuka, haijapangwa: "Bibi, upo?"

Nikajibu. Nilisahau kabisa. Nililiambia kopo la maziwa kwa sauti ya kuita watu shambani, nikasema nipo. Ukauliza tena. Nikajibu tena, nimesimama, goti na yote. Halafu nikakumbuka kwamba lile kopo linasikia tu, halisemi, na nikapiga meza hadi koleo likaanguka. Miezi sita ya kukutafuta, unaniuliza neno moja, nami nimefungwa mdomo na sheria ya kopo. Sijawahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe.

Kwa hiyo jibu lako linakuja kwa gari, limechelewa siku kumi. Nipo.

Fomu waachie hapo mezani bila kuandika kitu. Wakitaka sababu, waambie Bibi yangu ndiye sababu, waje waniulize, nitawajibu wote mmoja baada ya mwingine. Dereva anayekupa barua hii atashusha mahitaji, atakunywa chai, atageuza gari. Panda mbele, karibu naye, palipo na joto.

Bibi yako